Hojaji Isiyoijua Zamu ya Usiku

Ukiisoma PHQ-9, hojaji ya kupima sonona, kama unavyosoma shairi, bila haraka ya kujumlisha alama, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba haina msemaji. Inauliza, lakini hakuna anayeuliza. Inakutaka useme katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na mambo tisa: kukosa hamu ya kufanya chochote, huzuni na kukata tamaa, shida ya usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kukosa utulivu wa akili, kuzubaa au kuhangaika, na mwisho kabisa mawazo ya kufa au kujidhuru. Majibu ni manne na hayabadiliki: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Sifuri, moja, mbili, tatu.

Waliotunga hojaji hii, Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, waliichapisha Marekani mwaka 2001. Tangu hapo imetembea sana. Ilipimwa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na VVU, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, na baadaye ikapimwa Tanzania. Ni fupi na haina ada, ndiyo maana programu nyingi za simu zinazodai kumwangalia mtu kiakili zimeifanya mlango wa kuingilia. Zana za namna hii zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mgonjwa. Baada ya janga la Uviko-19 dunia ikakumbuka kwamba hata anayemtibu mgonjwa huchoka, huvunjika moyo na huugua, na hojaji ileile ikageuziwa uso kwa muuguzi, tabibu, mkunga na mtaalamu wa maabara.

Nimeichagua Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, Tanzania, kuwa mahali pa kuisomea hojaji hii. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakawa Vwawa. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 mkoani, na Tunduma peke yake zaidi ya laki mbili. Huu ni mji wa foleni: malori ya barabara ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA, na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilichofunguliwa rasmi Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu. Ng'ambo ni Nakonde, na kwa mgeni ni vigumu kujua mji mmoja unaishia wapi. Mei 2020, maambukizi yalipopanda Nakonde, Zambia iliufunga mpaka kwa muda, na shughuli ya kupima madereva ikawa habari ya kila siku. Mhudumu wa afya wa hapa anamtibu mkazi, mchuuzi, dereva wa lori na msafiri atakayelala nchi nyingine usiku huohuo. Simulizi nyingi anazozishika hazina mwisho. Mgonjwa anaondoka na karatasi yake, na kama alipona au hakupona, hakuna wa kumwambia.

Sasa, hakuna anayebishana na maudhui ya zana hizi. Lala vya kutosha, vuta pumzi taratibu, zungumza na unayemwamini, tafuta msaada mapema: nani atapinga? Lakini sote tuliopita kidato cha nne tunakumbuka tulivyofundishwa kutenganisha fani na maudhui, na tunakumbuka pia kwamba maudhui mazuri yameua kazi nyingi ambazo fani yake ilikuwa ya kuazima. Mgogoro wa zana hizi na mtu wa Tunduma uko kwenye fani.

Tuanze na wakati. Wakati wa hojaji ni wakati mnyoofu: siku kumi na nne zinazofanana, kila moja na usiku wake wa kulala na mchana wake wa kufanya kazi. Muuguzi wa wodini hana siku za hivyo. Ana mzunguko wa asubuhi, jioni, usiku, mapumziko, kisha unaanza upya. Swali la tatu likimuuliza kama amepata shida ya kulala, linamkuta mtu anayejilaza saa nne asubuhi, kanga imetundikwa dirishani kuzuia mwanga, watoto wa mpangaji mwenziwe wanacheza mlangoni, na barabarani lori linapiga honi kulihimiza lililo mbele. Jibu la kweli ni "karibu kila siku". Lakini hilo ni jibu la ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini kwa muuguzi mfawidhi. La moyo wake bado hatujalisikia.

Tufanye hesabu ambayo programu haifanyi. Swali la tatu ni usingizi, la nne uchovu, la tano kula, la saba utulivu wa akili. Mtu aliyepangiwa usiku wiki mbili mfululizo anaweza, kwa haki kabisa, kujipa alama tatu kwenye kila moja ya hayo manne. Jumla ni 12. Mstari wa sonona ya kiwango cha kati unaanzia 10. Ameshauvuka na bado hajasema neno kuhusu huzuni. Watunzi wenyewe waliweka sharti: ili mtu atambuliwe kuwa na sonona kubwa, lazima mojawapo ya maswali mawili ya kwanza liwe na uzito. Ni sharti zuri, linalofanya kazi ya ubeti wa kwanza, kutoa ufunguo wa kusomea beti zinazofuata. Programu inayojumlisha tu na kutoa namba yenye rangi imeutupa ufunguo huo.

Mandhari nayo inazungumza. Swali la saba, katika kueleza maana ya kukosa utulivu, linatoa mifano ya kusoma gazeti na kutazama televisheni. Ni sebule ya mtu aliyerudi nyumbani na ana jioni yake. Kwa mkunga, kukosa utulivu kuna sura nyingine. Ni kuitazama patografu, chati ya mwenendo wa uchungu, na kugundua kwamba alama ya mwisho ya mapigo ya moyo wa mtoto hukumbuki kama uliichora wewe au uliyempokea zamu. Ni kuhesabu vidonge mara mbili. Hojaji ingeweza kubadilishiwa mfano huo kwa nusu saa tu, lakini zana inayohamishwa kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mhudumu kwa kawaida hubadilishwa jalada na kuachiwa sebule yake.

Halafu kuna sarufi ya lawama. "Umesumbuliwa na": mtendwa ni wewe, na watenda ni usingizi, uchovu, huzuni. Kazi yenyewe haimo kwenye orodha ya wasumbufu. Inajitokeza mara moja tu, katika swali la ziada lililo nje ya yale tisa na lisilo na alama, linalouliza mambo hayo yamekutatiza kiasi gani kufanya kazi, kutunza nyumba na kuishi na watu. Utazame mwelekeo wa mshale: huzuni inaharibu kazi. Uwezekano kwamba kazi ndiyo iliyoleta huzuni, kwamba wodi ina muuguzi mmoja ambapo panatakiwa watatu, kwamba mama amefia mikononi mwako saa tisa usiku na saa kumi na mbili unatakiwa uandike ilikuwaje, hauna pa kukaa kwenye muundo huu. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, liliweka uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa hali inayotokana na mazingira ya kazi na likakataa kuuita ugonjwa. Hojaji ya 2001 haikuwa na sababu ya kulijua hilo. Anayeisambaza leo anayo.

Kwenye karatasi hojaji hii ina adabu fulani ambayo kioo cha simu kimeipoteza, na hapa nataka nikae kidogo. Kwenye karatasi maswali yote tisa yako ukurasa mmoja, kwa safu. Jicho hushuka kabla ya kalamu. Ukiwa bado swali la kwanza umeshaliona la tisa kule chini, unajua linakuja, unajiandaa: ama unaamua kusema kweli, ama unaamua kunyamaza. Simu inaleta swali moja kwa kila ukurasa, chini yake kitufe cha "Endelea". Unaulizwa usingizi, endelea. Uchovu, endelea. Kula, endelea. Kidole kimezoea. Halafu, bila mstari wa utangulizi, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule, unaulizwa kama umekuwa ukiona ni afadhali ufe. Mwandishi wa tamthilia angetuletea kifo kwa mtindo huo, tungemwambia hajakiandaa. Hapa anayeshtushwa si mtazamaji ukumbini. Ni mtu aliye peke yake, pengine chooni au kwenye kibanda cha mlinzi, mahali pekee alipopata dakika tano.

Na jibu lake linakwenda wapi? Laini yake imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, inampa haki juu ya taarifa zake, na ni sheria yenye meno kuliko watu wanavyodhani. Lakini ipo sheria nyingine ya zamani zaidi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Kuwaza si kujaribu, na swali la tisa linauliza mawazo tu. Mwanasheria atakueleza hivyo kwa utulivu. Mhudumu wa afya, ambaye amewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo akiletwa na askari pembeni ya kitanda, hasomi kwa utulivu wa mwanasheria. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha nchi hiyo kinachofanana na hiki kinapingana na Katiba. Tanzania kifungu kipo. Hivyo swali lilelile, kwa maneno yaleyale, lina uzito mmoja Nairobi na mwingine Tunduma.

Fomu hii pia haiji kwenye simu tupu. Mhudumu wa Songwe anaishi ndani ya fomu. Kuna MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na vitabu vyake: namba 5 ya wagonjwa wa nje, namba 6 ya wajawazito, namba 7 ya watoto, namba 12 ya chumba cha kujifungulia. Kuna GoTHOMIS, mfumo wa kuendeshea vituo vya afya, kwenye kompyuta. Kuna taarifa za mwezi zinazopandishwa kwenye mfumo wa takwimu wa DHIS2. Kuna PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS, ambamo mtumishi wa umma anaandika majukumu yake na utekelezaji wake. Kifo cha mama mzazi kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya saa 24, kisha kikao kinaitwa, na maswali ya kikao ni nani alikuwa zamu, saa ngapi alipigiwa daktari, damu ilipatikana lini. Katika maandishi yote hayo mkunga yumo kama safu: jina, kada, sahihi. Ni msimulizi asiyeruhusiwa kuwa mhusika.

Kwa hiyo fomu inapomfikia ikimuuliza "wewe u hali gani", macho yake yameshafundishwa namna ya kusoma fomu. Fomu hupanda juu. Fomu hujazwa kwa namna itakayopita. Fomu yenye namba mbaya huleta usimamizi shirikishi, na usimamizi shirikishi huleta gari yenye wageni watano siku ambayo kituo kina watumishi wawili. Ndiyo maana mtu anajaza sifuri tisa, anabonyeza "Tuma", na mkoa unapata takwimu nzuri. Hadanganyi. Ameandika kwa kufuata kanuni za utanzu anaoujua.

Kipimo cha Christina Maslach na Susan Jackson cha mwaka 1981, kinachotumika zaidi duniani kupima uchovu wa kazini, angalau kinaitaja kazi. Maswali yake 22 yanauliza kuhusu kuchoka kihisia, kuhusu kuona umefanikisha jambo, na kuhusu kuanza kuwatazama unaowahudumia kana kwamba ni vitu. Hilo la tatu ni swali la ujasiri. Lakini muuguzi wa serikali akikiri kwa maandishi, kwenye mfumo wa mwajiri, kwamba anawaona wagonjwa kama vitu, amejiandikia barua ya nidhamu kwa mkono wake. Isitoshe, kipimo hicho kinauzwa.

Roboti za mazungumzo zilikuja kuondoa ubaridi wa fomu. Babu yao ni ELIZA, programu ya Joseph Weizenbaum ya mwaka 1966, ambayo ilichukua sentensi yako na kukurudishia kama swali. Wajukuu wake ni werevu zaidi, ingawa nao hufa: Woebot, iliyoanza 2017, ilizimwa Juni 2025. Wanapojaribu Kiswahili, kosa lao la kwanza ni kwenye salamu. Roboti inasema "Habari! Unajisikiaje leo?" na kuweka vitufe vitatu vyenye vinyago vya uso: nzuri, wastani, mbaya. Kila mwenye Kiswahili anajua kwamba jibu la kwanza la salamu si taarifa. Ukiulizwa habari za kazi unasema nzuri, hata kama umetoka kuosha maiti. Ukiulizwa za nyumbani unasema salama, kisha unameza mate, kisha unasema "ila". Ukweli unakaa baada ya "ila". "Nzuri tu, ila mtoto anaumwa." "Salama, ila jana usiku tulipata msala." Roboti imepokea "nzuri", imeihifadhi, imetoa pongezi na imeaga. Mazungumzo yamekatwa pale hasa yalipokuwa yanaanza.

Kuna pia suala la umri, na silisemi kwa utani. Muuguzi mwenye miaka 54, anayeamkiwa shikamoo na nusu ya mji kwa sababu nusu ya mji aliipokea yeye duniani, hafungui moyo kwa kitu kinachomwambia "Mambo!" na kumwekea kikatuni kinachopunga mkono. Kitu hicho hakina rika. Mazungumzo ya Kiswahili kabla hayajagusa jambo zito hupanga kwanza nani mkubwa, nani mdogo, nani mgeni, nani mwenyeji, na mpangilio huo ndio unaompa mtu ruhusa ya kulia mbele ya mwenzake.

Kuna dosari nyingine ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuiona. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Katika maeneo ya Tunduma yaliyo karibu na mpaka, simu ikinasa mnara wa upande wa pili, saa inajirudisha yenyewe, na bando ulilonunua linaacha kufanya kazi mpaka mnara wa nyumbani urudi. Sasa chukua programu inayotuma ukumbusho wa kupumzika kila siku saa mbili usiku. Siku nyingine utakuja saa tatu. Siku nyingine hautakuja. Siku nyingine, kwa vile mtumiaji yuko zamu, utakuja akiwa ameshika mtoto aliyezaliwa sekunde ishirini zilizopita. Ukumbusho wa saa maalumu ni fani ya mtu ambaye saa zake ni mali yake.

Basi mhudumu wa Tunduma hana zana ya kidijitali inayomtuliza? Anayo, na haikubuniwa na mtaalamu yeyote wa afya ya akili. Ni kundi la WhatsApp la kituo. Mhakiki anayelidharau kundi hilo amepuuza matini yenye kanuni kali kuliko zote nilizozitaja.

Msome kiongozi anapoandika: "Poleni na majukumu." Hakuna tangazo linaloanza bila mlango huu. Ni wingi, daima wingi. Haimtaji aliyechoka, haimwachi nje yeyote. Kisha linafuata agizo: taarifa za mwezi, orodha ya chanjo, mgeni anayekuja. Kisha majibu yanashuka kama kiitikio: "Imepokelewa mkuu", "Sawa mkuu", mikono miwili iliyounganishwa, mikono miwili, mikono miwili. Anayesoma kwa haraka ataona unafiki wa kiofisi. Mimi naona fanani na hadhira. Kiitikio hakileti habari mpya, na hakikusudiwi kuleta; kinathibitisha kwamba walioitwa wapo. Msiba ukitokea kanuni hiyohiyo inabeba mzigo mkubwa zaidi. Pole arobaini zinazofanana neno kwa neno, moja chini ya nyingine, usiku kucha, na baadaye jina kwa jina la waliochanga. Ndugu aliyefiwa hazisomi moja moja. Anapandisha kidole juu ya kioo, anaona zilivyo nyingi, inatosha.

Ila kundi lina tundu, na tundu lenyewe ni la kisarufi. Halina nafsi ya kwanza umoja. "Tumechoka" inaruhusiwa, ni mzaha wa kawaida wa saa nane usiku, inajibiwa kwa vicheko na "kaza buti". "Nimechoka", peke yake, bila kicheko, inavunja kanuni. Tiki mbili zinageuka bluu. Wameisoma wote na hakuna aliyejibu, kwa sababu utanzu haujawapa jibu la kutoa, na mfawidhi yumo ndani. Asubuhi ukifungua kundi unakuta pale palipokuwa na ujumbe kuna alama ndogo ya kijivu inayosema ujumbe umefutwa. Katika maandishi yote ya kidijitali yanayohusu afya ya akili ya mhudumu wa afya, sijaona yaliyo ya kweli kuliko alama hiyo. Ina jina la mwandishi, ina saa, na ina kimya. Hojaji haiwezi kuihesabu, lakini mwenzake wa zamu aliyeiona anajua amtafute nani.

Wapo waliojaribu fani nyingine. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha cha kujisaidia wakati wa msongo, chenye sehemu tano fupi, maneno machache na sauti za kusikiliza. Mizizi yake ni mafunzo yaliyojaribiwa kaskazini mwa Uganda kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini: sauti iliyorekodiwa ikisikilizwa na kundi zima pamoja, vikao vitano. Kwenye simu kitabu hiki kinasomeka vizuri. Hakiulizi, kinasimulia, hakitoi alama, ukikiacha katikati hakikulaumu. Lakini ukikisoma peke yako umekipunguzia nusu ya fani yake, maana kilizaliwa kikiwa cha kusikilizwa na wengi waliokaa pamoja. Harare, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliweka benchi nje ya kliniki na kumkalisha hapo bibi aliyefundishwa kusikiliza. Wazo hilo limefika hadi Malawi na Zanzibar. Hojaji ipo pale benchini, tena fupi, ila imewekwa mdomoni mwa mtu. Bibi anaweza kusikia "nzuri", akanyamaza, akasubiri "ila".

Songwe haihitaji kuagiza benchi. Utanzu wa kufaa upo kila kituo, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa mpaka zahanati za bondeni Kamsamba, nao ni makabidhiano ya zamu. Yana wakati wake, na ni wakati wa zamu, haufuati saa ya simu. Yana wawili wanaojuana rika. Yana mpangilio: kitanda namba moja anaendeleaje, namba mbili kapewa nini, nani wa kuangaliwa zaidi. Yanasemwa kwa mdomo. Kinachokosekana ni sentensi moja ya mwisho, baada ya kitanda cha mwisho: na wewe je, usiku ulikuwaje? Simu ingeweza kulitumikia swali hilo bila kuliharibu. Ingeweza kumkumbusha anayepokea zamu aulize. Ingeweza kubeba ujumbe wa sauti kwa mwenzake wa Itumba au Mkwajuni aliye peke yake zahanati, ukafutika ukishasikilizwa. Ingeweza kumpa namba ya mtu wa kuzungumza naye Mbeya asiyemjua bosi wake.

Anayetaka kuleta zana Songwe, awe wizara, halmashauri au mfadhili, akaketi kwanza kwenye chumba cha zamu saa ya kubadilishana, mara kadhaa, na asibebe kishikwambi. Aitoe jumla ya alama kwenye kioo. Asiiunganishe na PEPMIS kwa namna yoyote, hata kwa kiungo kidogo cha kurahisisha. Pale panapoulizwa usingizi aulize kwanza ratiba. Swali la tisa aliweke mdomoni mwa mtu aliyefundishwa, anayeweza kukaa na jibu. Na maadamu kifungu cha 217 bado kimeandikwa kilivyoandikwa, mashine inayohifadhi majibu isiachiwe kuliuliza.